Kiungulia cha plastiki

Fundi bomba akiishiwa soketi, si lazima akimbilie dukani. Huokota karatasi na vijiti, huwasha moto mdogo kando ya mtaro, hugeuzageuza ncha ya bomba la PVC juu ya ndimi za moto hadi ilegee, kisha hulisukumiza bomba jingine ndani yake. Likipoa, limeshikana. Lakini akizubaa kidogo, bomba jeupe hugeuka rangi ya chai ya maziwa, kisha kahawia, kisha jeusi, na moshi wake huchoma macho na kukwaruza koo. Fundi hugeuza uso, hukohoa, huendelea na kazi.

Moshi ule umebeba gesi iitwayo haidrojeni kloridi. Ikigusa unyevu wa jicho au wa koo hugeuka kuwa tindikali ya haidrokloriki. Nayo si ngeni kwetu. Ndiyo tindikali ambayo tumbo la kila binadamu hutengeneza ili kumeng'enya chakula, na ambayo ikipanda kifuani usiku, baada ya pilau la harusi, tunasema tuna kiungulia.

Plastiki nazo zina kiungulia chao. Nyingine huzaa tindikali zikipata joto, nyingine huizaa taratibu zikiwa zimetulia kabatini, nyingine hutoka nayo kiwandani kama masalia ya kemikali zilizotumika kuziunda. Ndiyo maana ndani ya bomba, ndani ya waya wa umeme na ndani ya kiroba cha mchele mna dawa ya kuizima, iliyochanganywa humo kabla plastiki haijapewa umbo. Mnunuzi haioni wala haisomi popote. Historia yake ilianzia kwenye milipuko, ikapitia kwenye sumu, na mwisho ikaishia kwenye kidonge cha tumbo.

Pamba iliyolipuka

Mwaka 1846 mkemia Christian Schönbein wa Basel, Uswisi, alitangaza kwamba pamba ya kawaida ikichovywa katika mchanganyiko wa tindikali ya nitriki na ya salfuriki, kisha ikaoshwa na kukaushwa, hugeuka baruti isiyotoa moshi mwingi. Kwa macho inabaki pamba ile ile. Viwanda viliichangamkia, na furaha haikudumu. Tarehe 14 Julai 1847 kiwanda cha Faversham, kusini-mashariki mwa Uingereza, kililipuka na kuua wafanyakazi. Utengenezaji ukasimama huko kwa miaka mingi.

Aliyefumbua sehemu kubwa ya fumbo alikuwa mkemia Mwingereza, Frederick Abel. Unyuzi wa pamba una uwazi katikati, kama mrija mwembamba mno. Tindikali hubaki humo hata baada ya kuoshwa, na ndiyo inayoanza kuila pamba kutoka ndani. Mwaka 1865 Abel alisajili hataza ya kuisaga pamba hiyo kama wanavyosaga rojo la karatasi, ili maji yafike kila mahali na kuiondoa tindikali yote.

Kuosha kulisaidia, ila hakukutosha. Hata pamba iliyosafishwa barabara huvunjika polepole na kutoa oksidi za nitrojeni. Oksidi hizo zikipata unyevu huwa tindikali, nayo tindikali huharakisha kuvunjika kwa pamba, na pamba inayovunjika hutoa oksidi nyingi zaidi. Hapo tindikali huzaa tindikali. Joto hupanda ndani ya rundo bila mtu kujua, hadi siku moto unapozuka wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa mlaji na nguo ni kitu kimoja.

Ufaransa ililipa gharama kubwa kujifunza hilo. Mwaka 1884 Paul Vieille alitengeneza baruti ya kisasa kutokana na pamba ya namna hiyo, na jeshi la majini likaijaza katika manowari zake. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka ikiwa bandarini Toulon na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 25 Septemba 1911, bandari ile ile, manowari Liberté ililipuka na kuua zaidi ya watu 200. Katika matukio yote mawili, shaka iliangukia baruti iliyooza ghalani.

Tiba ilikuwepo, na Wajerumani walikuwa wameanza kuitumia mapema: kiasi kidogo cha difenilamini kilichochanganywa ndani ya baruti yenyewe. Difenilamini hudaka zile oksidi mara tu zinapozaliwa, kabla hazijapata nafasi ya kuchochea uharibifu mwingine. Hapo ndipo fikra ilipobadilika. Kuosha huondoa tindikali iliyopo leo. Kinachotakiwa ni mlinzi wa kukaa humo humo ndani, anayeisubiri tindikali itakayozaliwa kesho.

Pembe ya bandia

Baruti hiyo ina ndugu wa damu aliyeingia sebuleni na mezani. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu za Afrika Mashariki, na sehemu ya pembe zilizopita hapo zilivuka bahari na kuwa vibao vya piano, mipini ya visu na mipira ya biliadi. Pembe zilipopanda bei, watengenezaji wa Marekani walianza kutafuta kitu mbadala. John Wesley Hyatt na ndugu yake Isaiah walichanganya pamba ya nitriki, ile yenye nguvu ndogo kuliko ya baruti, na kafuri, wakaikandamiza kwa joto. Hataza yao ni ya mwaka 1870, na kitu chenyewe wakakiita seluloidi.

Seluloidi ilitengenezewa vitana, wanasesere, fremu za miwani, na baadaye filamu za sinema. Iliigiza pembe ya ndovu, na iliigiza pia gamba la ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake nalo lilikuwa biashara ya kale katika pwani yetu. Leo wahifadhi wa makumbusho wanaona jambo la ajabu katika makabati yao. Vitana vya kuigiza gamba, vyenye kupenya mwanga, vimepasuka na kutoka jasho la tindikali linaloshikisha kutu hata chuma kilichowekwa jirani. Vile vyeupe vya kuigiza pembe, vya umri ule ule, mara nyingi vimesimama imara.

Tofauti imo katika rangi. Ili kupata weupe wa pembe, watengenezaji walitia oksidi ya zinki, unga mweupe ambao pia ni besi. Kila tone la tindikali lililozaliwa ndani ya kitana lilikutana na zinki na kuzimwa. Rangi iliyotiwa kwa ajili ya urembo ikawa dawa. Viwanda vilikuja kuongeza pia urea kwa makusudi, kwa kazi hiyo hiyo ya kuzima tindikali.

Filamu za seluloidi, kwa kuwa zilishika moto kwa urahisi, zilipisha zile za asetati. Mwaka 1948 Kodak ilileta filamu ya triasetati, ikijulikana kama filamu salama. Haikupita miaka 10 taarifa ikafika kutoka serikali ya India: filamu zilizohifadhiwa kwenye joto na unyevu zilikuwa zinanuka siki. Zilikuwa zinatoa tindikali ya asetiki, tindikali ile ile ya siki ya kachumbari, na mzunguko ukawa ule ule, kwamba tindikali huzaa tindikali. Anayetunza picha za familia katika mji wa pwani, ambako unyevu hauondoki hewani, anapaswa kuijua harufu hiyo. Hifadhi za filamu siku hizi huweka ndani ya mkebe vipakiti vya madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonyonya tindikali na unyevu kwa pamoja. Mlinzi ambaye hakutiwa ndani tangu mwanzo amewekwa mlangoni.

Unga wa risasi

Plastiki iliyoifanya dawa hii kuwa biashara ya dunia nzima ni PVC. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliona unga mweupe umejitokeza ndani ya chupa za gesi ya vinili kloridi zilizoachwa juani. Fritz Klatte wa kampuni ya Griesheim-Elektron alisajili hataza za kuitengeneza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini kampuni haikupata njia ya kuigeuza bidhaa na ikaiacha hataza ife katikati ya miaka ya 1920.

Kikwazo kilikuwa joto. Takriban asilimia 57 ya uzito wa PVC ni klorini, na klorini hiyo haikushikwa kwa nguvu sawa kila mahali. Ili PVC ilainike na kupewa umbo, mashine huihitaji ifike kati ya nyuzi 160 na 200 za Selsiasi. Huanza kuvunjika chini ya hapo. Chembe moja ya haidrojeni kloridi huchomoka, jirani yake hulegea na kufuata, kama sweta lililovutwa uzi mmoja na kufumuka safu nzima. Kila panapofumuka, rangi huzidi kukolea. Na gesi iliyotoka huharakisha kufumuka kwa sehemu nyingine. Bila dawa, PVC huungua kabla haijawa kitu.

Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich mjini Akron, Ohio, alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Alichemsha PVC katika vimiminika vizito, akapata kitu laini chenye kuvutika kama mpira. Gundi hakuipata, lakini alionyesha kwamba PVC inaweza kulainishwa na kutumika. Kilichobaki ni kuizuia isiungue, na viwanda vikageukia unga ambao wachoraji na wapaka rangi wa Ulaya walikuwa wameutumia kwa karne nyingi: chumvi za madini ya risasi.

Kwa kazi yenyewe, risasi ilikuwa hodari. Hunyakua haidrojeni kloridi na kuwa kloridi ya risasi, kitu kisichoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, kisichopitisha umeme, na kisichoiharibu PVC zaidi. Kwa waya wa umeme hizo ni sifa za dhahabu, na kwa bei ilikuwa nafuu. Mabomba ya PVC yaliyolazwa Ujerumani katika miaka ya 1930 yaliweza kudumu kwa miongo mingi.

Madini mengine yalijaribiwa. Bati lililoungwa na kaboni lilikuja kupitia kazi za Victor Yngve nchini Marekani, na lilifaa pale plastiki ilipotakiwa kupenya mwanga. Bariamu na kadimiamu zilitumika kwa pamoja. Zinki nayo ilikuwa na kisa chake. Huanza vizuri kuliko wote: plastiki hubaki nyeupe safi. Lakini kila zinki inapokunywa tindikali hugeuka kloridi ya zinki, na kloridi hiyo huchochea uharibifu ule ule ambao zinki ilitumwa kuuzuia. Ikijaa, plastiki hugeuka nyeusi ghafla, bila kupita kwenye njano. Mlinzi amegeuka mwizi. Dawa yake ni kumpa mwenzake, kalsiamu, anayepokea mzigo wa klorini kutoka kwa zinki kabla haujawa mwingi, kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti.

Mwaka 1959 Wamarekani A. H. Frye na R. W. Horst walionyesha kwamba baadhi ya dawa hizi hazingoji tindikali itoke. Huenda kwenye zile sehemu dhaifu za mnyororo wa PVC, huing'oa klorini iliyolegea na kuziba pengo kwa kipande cha dawa yenyewe. Kuzima tindikali na kuzuia isizaliwe vikaonekana kuwa kazi mbili, na dawa nzuri hufanya zote.

Vumbi la madirishani

Deni la risasi lilikuja kudaiwa. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Watetezi walisema imefungiwa ndani ya plastiki, haitoki. Mwaka 1996 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilipima mapazia ya vinili ya madirishani, yale ya vibamba vyembamba, yaliyoagizwa kutoka nje na kuuzwa kwa mamilioni kila mwaka. Jua na joto la dirishani vilikuwa vimeichakaza plastiki, na juu ya vibamba palijengeka vumbi lenye risasi. Mtoto hugusa pazia, kisha hulamba mkono.

Dawa haifi ikishafanya kazi. Inabadilika tu kuwa kitu kingine, na kitu hicho kina maisha yake baada ya plastiki kuchoka. Watengenezaji wa Ulaya waliacha kadimiamu, kisha wakajiwekea lengo la kuacha risasi, wakalifikia mwishoni mwa mwaka 2015. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ikaja kuweka ukomo wa risasi katika bidhaa za PVC, hata zinazoagizwa kutoka nje, kuwa asilimia 0.1, kuanzia Novemba 2024.

Kutoka sandarusi hadi sandarusi

Wakati PVC inahangaika na risasi, plastiki nyingine ilikuwa imezaliwa na ugonjwa wa aina nyingine. Machi 1954, mjini Milano, maabara ya Giulio Natta ilipata polipropilini imara kwa kutumia vichocheo vilivyotokana na kazi ya Mjerumani Karl Ziegler. Mwaka 1963 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Polipropilini haina klorini katika mwili wake. Ndiyo ndoo, ndicho kiti cha plastiki cha mgahawani, na ndiyo mifuko iliyofumwa ambayo Tanzania huitwa viroba, salfeti au sandarusi. Jina hili la mwisho lina historia yake. Sandarusi ya kale ni utomvu wa mti uliofukuliwa ardhini katika mrima wa Afrika Mashariki na kuuzwa kupitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, ukatengenezewe vanishi. Utomvu umesahaulika, jina limehamia kwenye mfuko wa plastiki.

Kiungulia cha mfuko huo kinatokana na kichocheo. Kichocheo cha Natta kilikuwa kloridi ya titani, na chembe zake hubaki ndani ya plastiki. Zikipata joto na unyevu hutoa tindikali ya haidrokloriki, ile ile. Viwanda vya mwanzo viliosha plastiki kwa alkoholi kuondoa masalia, kazi ya gharama inayotukumbusha Abel na pamba yake. Vichocheo vilivyofuata vilikuwa na nguvu kubwa kiasi kwamba kiasi kidogo mno kilitosha, na kuosha kukaachwa. Lakini hata masalia hayo machache yalitosha kushikisha kutu kalibu za chuma na kuigeuza plastiki njano.

Dawa ya kwanza ilikuwa kalsiamu stiarati, unga mweupe laini uliotokana na mafuta na chokaa. Ni ndugu wa sabuni, ila hauyeyuki kwenye maji. Hunywa tindikali na kubaki kloridi ya kalsiamu na asidi ya mafuta. Ni wa bei nafuu, nao hulainisha plastiki mashineni. Kasoro zake ni kwamba kloridi ya kalsiamu huvuta maji, na ile asidi ya mafuta hujikusanya kwenye midomo ya mashine. Tindikali imezimwa, uchafu umebaki.

Kidonge

Mwaka 1842 Carl Hochstetter alieleza jiwe jeupe lililopatikana Snarum, Norwei. Lilikuwa laini kama ulanga, likisagika kuwa unga, na lina maji ndani yake. Likaitwa haidrotalsiti. Kwa zaidi ya karne moja lilibaki kitu cha wakusanya mawe.

Mwaka 1966 kampuni ya Kyowa ya Japani ilifanikiwa kuitengeneza haidrotalsiti kiwandani kwa wingi. Nia ilikuwa dawa ya tumbo. Jiwe hilo limeundwa kwa magnesiamu na alumini, madini yale yale yaliyomo katika vidonge vingi vya kutafuna vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa mtaani kwako. Ujerumani inauzwa hadi leo kwa jina la Talcid, kwa ajili ya kiungulia.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Kyowa, akiwamo Shigeo Miyata, waliichunguza namna inavyobadilishana chembe. Ukiipasua kwa jicho la kisayansi, utaiona kama chapati ya kusukuma vizuri: tabaka juu ya tabaka. Katikati ya tabaka kuna maji na kaboneti. Tindikali ya haidrokloriki ikifika, kaboneti hutoka kama maji na hewa ya kaboni dioksidi, na kloridi huingia na kukaa mahali pake. Hairudi nje kirahisi, haivuti maji kama kloridi ya kalsiamu, haiachi mafuta mashineni. Kilichofaa tumboni kikafaa ndani ya ndoo, kwa sababu tindikali ni moja. Kipimo chake ni gramu mia chache tu kwa tani nzima ya plastiki.

Ilipotokea haja ya kuiondoa risasi kwenye mabomba, kidonge hicho kiliitwa kazini tena. Dawa nyingi za leo za PVC ni kalsiamu na zinki zikisaidiwa na haidrotalsiti. Dawa za jamii hiyo huwekwa pia katika plastiki za nyumba za kukuzia mimea. Katika mashamba ya waridi, kama yale yanayozunguka Naivasha, hutumika salfa kupambana na ukungu, na tindikali inayotokana na salfa huua viungo vinavyoikinga plastiki dhidi ya jua. Mlinzi naye anahitaji mlinzi.

Dawa yoyote ya namna hii, kutoka zinki ya kitana hadi chapati ya Kyowa, hufanya kazi kwa kumalizika. Kila chembe ya tindikali huondoka na chembe ya dawa. Plastiki inapoyeyushwa kwa mara ya pili, ili ndoo kuukuu iwe beseni jipya, sehemu ya kipimo imekwisha kuliwa, na kiwanda makini hulazimika kuongeza kingine.

Fundi wetu pale mtaroni anaweza kuisoma historia hii yote kwenye ncha ya bomba lake. Lilipokuwa jeupe juu ya moto, dawa ilikuwa ikimeza tindikali kimya kimya. Rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba inapungua. Ikifika kahawia, imekwisha, na hapo hakuna aliyebaki wa kuipokea tindikali isipokuwa macho na koo la aliyeshika bomba.